Bakuli Lililorudi Tupu

Wadogo zangu mliobaki kituoni,

Ofisi ya utumishi imeniomba niwaandikieni kurasa chache kabla sijarudisha kitambulisho. Kijana aliyeniletea ombi hilo alinipa na mwongozo: nianze na mafanikio, nifuate na changamoto, kisha nifunge kwa shukrani. Mafanikio mtayaona kwenye mabango ya ukumbini, yamechapwa kwa rangi pamoja na picha za watoto wanaocheka. Neno changamoto nalo silipendi. Siku hizi gari likiharibika ni changamoto, choo kikiziba ni changamoto, na mtoto akipooza mkono kwa sababu watu wazima walikaa kimya, hiyo nayo eti ni changamoto. Mimi nitaandika ninavyojua. Shukrani zikipata nafasi zitaingia zenyewe.

Nilikuwa nesi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla sijavutwa kwenye utafiti. Siku yangu ya kwanza hapa kituoni Bagamoyo nilikuwa najua kuchoma sindano, kujaza kadi na kuwafokea kina mama wanaochelewa. Mama Theodora, muuguzi mkuu wa kazi za vijijini, alinitazama nilivyojikaza ndani ya sare yangu mpya akasema, "Huko kufoka kuache getini, mwanangu. Tuendako sisi ndio waombaji."

Mama Theodora alikuwa mtoto wa misheni, Mkatoliki asiyekosa misa, lakini alijua kuingia kwenye nyumba ya Mwislamu wa kijiji cha Fukayosi kuliko mimi binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinifundisha kupiga hodi na kusubiri, si kupiga hodi huku mguu mmoja uko ndani. Unasalimia mkubwa kwanza. Unauliza habari za shamba, na unaposikia nguruwe wamemaliza mihogo unasikitika kweli, si kwa mdomo tu. Unakaa mkekani, unakunywa maji uliyopewa. Damu inazungumzwa mwisho. Wataalamu waliotoka mjini waliona tunapoteza muda, na mmoja wao aliwahi kutuandikia dakika za kutumia kwa kila kaya. Mama Theodora aliisoma ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Alinifundisha na mikono pia. Mtoto mchanga mwenye mishipa ya kujificha, mpashe mkono kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kabla ya kumfunga mpira. Tumia sindano ya kipepeo, ile yenye mbawa za plastiki, na umwache mama amshike mwenyewe, maana mtoto anajua mkono wa mgeni. Mrija wenye kifuniko cha zambarau unaupindua polepole, juu chini, juu chini, ili damu isigande. Ukiutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi umeiua hiyo sampuli, na mtoto wa watu amechomwa bure. Kisanduku cha baridi kinafungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba mbili, kwa sababu moja itakatika, na itakatika siku ya mvua. Wakati huo barabara ya kwenda Msata haikuwa na lami na tope lake lilikuwa na ubishi.

"Damu ni amana," alikuwa akiniambia tukifunga kisanduku. "Ukiitoa kwenye nyumba ya mtu, ujue unaipeleka wapi na utarudi na nini."

Mara ya kwanza tulipofika Fukayosi tulikuta milango imefungwa. Habari zilikuwa zimetutangulia kwamba mumiani wamekuja, wale wanyonya damu ambao bibi zetu walitutishia nao tulipogoma kulala. Bibi mmoja alitoka uani na upawa mkononi akatuuliza bila salamu, "Damu ya wajukuu wetu mnakwenda kuiuza wapi?" Nilitaka kumweleza habari za utafiti. Mama Theodora akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akakunja mkono wa gauni lake, akanipa mkono. "Nitoe mimi kwanza," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Watu waone mumiani anayeanza na damu yake." Watu wakacheka. Milango ikafunguka mmoja mmoja.

Ndipo tulipopewa ule utafiti wa malaria na damu ya kurithi. Mkuu wake alikuwa Profesa, na jina lake silitaji, ana wajukuu. Sitaki mdhani alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeandika kwa ufupi. Alikuwa mpole, hasahau kusalimia wafagiaji, na alipenda kufundisha. Siku moja wakati wa chai nilimwuliza huo urithi tunaoutafuta ni upi. Akachukua kitumbua. "Hii ni chembe ya damu ya mtu mzima wa afya, Sista Rehema. Duara, laini, inapita popote." Akakiuma kikabaki kipande kilichopinda. "Na hii ni ya mgonjwa wa selimundu. Umbo la mundu. Inakwama kwenye mishipa, na inapokwama ndipo maumivu yanapoanza." Akanieleza kwamba anayerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu haumwi, tena malaria kali humkwepa. Anayeirithi kwa baba na mama ndiye mgonjwa. Basi utafiti ulitaka kujua nani karithi nini, na malaria inamfanyaje. Nilisikiliza mpaka chai ikapoa. Nilirudi kazini nikijiona nami nimo katika jambo kubwa, na nilikuwemo kweli.

Kwenye mkutano wa kijiji, katika darasa la shule ya msingi, Profesa alisimama mbele ya wazazi akasema, "Tutakayoyajua kutokana na damu hii, tutawaleteeni." Nilikuwa kando yake. Mimi ndiye niliyeyarudia maneno hayo nyumba kwa nyumba, kwa sababu waliokuwa shambani hawakuyasikia. Wakakubali, wakatia saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Mmoja wa waliokubali alikuwa Mwanahamisi, mkulima wa mihogo na ufuta, mke wa Hamza fundi baiskeli. Alikuwa na binti mchanga, Sikudhani. Kwa desturi ya utafiti kila mtoto alipewa namba ili jina lake lisitembee na damu yake. Sikudhani akawa FK-140. Mimi nilijua majina na namba. Maabara walijua namba na majibu. Hivyo ndivyo siri inavyotunzwa, na sina ugomvi na hilo. Kwa miaka miwili nilikwenda na kurudi kuchukua damu ya yule mtoto, na Mwanahamisi hakunikatalia hata mara moja. Alikuwa akiniita dada. Hamza akaniita shemeji, na baiskeli ya mwanangu akaitengeneza asipokee kitu.

Utafiti ulipokwisha tulirudi kijijini kutoa matokeo. Profesa alitundika shuka jeupe ukutani, akamulika michoro yenye mistari inayopanda na kushuka. Akasema kijiji kimeisaidia dunia. Kina mama wakapiga vigelegele kwa adabu. Kisha Mwanahamisi akasimama.

"Shikamoo, Profesa. Tumeshukuru kwa habari za dunia. Mimi nauliza huyu wangu. Damu yake imesemaje?"

"Marahaba, mama. Swali zuri sana. Matokeo haya ni ya jamii nzima, si ya mtu mmoja mmoja."

"Lakini aliyechomwa alikuwa mmoja mmoja."

Watu wakacheka, Profesa naye akacheka, akasema muda umekwenda. Mwanahamisi akakaa. Tulipokuwa tunapakia vitu alikuja garini na bakuli la kauri lenye maua ya buluu, alilorithi kwa mama yake, limefunikwa kwa kawa la ukindu. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina ungali moto. Akampa Profesa kwa mikono miwili. Profesa aliufurahia mno, akaula njiani akawagawia na madereva, na nina hakika hadi leo akiulizwa atakwambia mkate ule ulikuwa mtamu.

Sasa sikilizeni mliotoka bara. Kwetu pwani chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kama huna kitu cha maana unatia ndimu mbili, au chumvi kidogo, au kipande cha muwa. Kama huna hata hicho unakaa nacho mpaka upate, na mwenyewe hatakudai, anajua unatafuta. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia kwamba mambo yetu yameishia hapa. Profesa alikuwa mtu wa heshima, akafanya heshima aliyoijua yeye. Alilipeleka bakuli maabara likaoshwa, likafutwa kwa spiriti, likatiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kusafirishia sampuli, likafungwa. Nililikuta mezani kwangu na karatasi: "Tafadhali mrudishie mama wa Fukayosi, na asante sana."

Nilipaswa kwenda Fukayosi asubuhi ile ile kwa kazi nyingine. Nilipita kununua ndizi za kutia ndani, dereva akanihimiza kwamba tumechelewa, nikasema nitanunua mbele. Mbele hapakuwa na kitu. Nikafika kwa Mwanahamisi na bakuli ndani ya mfuko wa maabara, linanuka spiriti. Akalipokea. Akafungua mfuko, akachungulia ndani, akapitisha kidole ukingoni.

"Dada Rehema," akasema, "ndiyo majibu yenyewe haya?"

Ndipo nikamwona Sikudhani amelala mkekani mchana wakati wenzake wanacheza. Vidole vimevimba. Macho yana rangi ya manjano. Tumboni na magotini ana alama mpya za wembe, chale za mganga. Mwanahamisi akanieleza: uvimbe huja na kuondoka, mtoto analia mifupa inauma, zahanati wanampa dawa za malaria, bibi yake anasema ni jicho la mtu. Nilikaa wodi ya watoto miaka yote ile. Nilijua ninachokitazama, na nilijua pia kwamba kujua kwa macho si kipimo.

Hospitali ya wilaya hawakuwa na kitendanishi cha kupimia, waliniambia rufaa ni Dar. Nikaenda kwa Dokta Anselmi, mkuu wa maabara yetu, kijana mwenye akili nyingi na moyo mzuri. Nilimkuta anakunywa chai kando ya mashine ile kubwa, imefunikwa kitambaa kwa kuwa utafiti umekwisha.

"Dokta, nina mtoto wa Fukayosi nadhani ana selimundu. Nisaidie kumpima."

"Alikuwa kwenye utafiti wetu?"

"Alikuwepo."

"Basi hana haja ya kupimwa, Sista. Wale wote tulishawapima. Tangu damu ya kwanza kabisa. Ilibidi tujue mapema nani ana nini ili tupange makundi."

Aliisema kwa wepesi, kama mtu anayekwambia maji yamo kwenye mtungi. Nami nilikuwa nimeamini maneno ya Profesa, kwamba majibu ni ya jamii nzima, si ya mtoto mmoja mmoja. Nilimwuliza wapo wenye ugonjwa wenyewe. Akasema wapo, si wengi. Nikamwambia nipe jibu la FK-140. Hapo akaweka kikombe chini. "Hilo siwezi. Unajua siwezi." Na kweli, mkataba wake ulimkataza, na wangu pia. Lakini uso wake ulinitosha.

Nilipanda ngazi kwenda kwa Profesa. Sitaficha, nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu. Miaka miwili nimempasha yule mtoto mkono kwa kitambaa cha vuguvugu, nimemchoma, nimembembeleza, na wakati wote huo ugonjwa wake ulikuwa umekaa kwenye kompyuta ghorofa moja juu ya kichwa changu. Profesa alinikaribisha kiti. Hakukana. Alinieleza kwa utaratibu, na hoja zake nitaziandika zote, kwa sababu mtakuja kuzisikia tena kutoka kwa wengine.

Kwanza, wazazi walikubali damu itumike kwa utafiti, hawakuulizwa kama wanataka kuambiwa majibu ya mtoto. Nikamwambia, hawakuulizwa na nani? Akainamisha kichwa. Pili, kipimo cha utafiti si kipimo cha hospitali, kinaweza kukosea. Nikamwambia basi kirudiwe, mashine imefunikwa kitambaa.

Ya tatu ndiyo aliyoiamini hasa. "Sista Rehema, selimundu inatoka kwa baba na mama. Tukimwambia mama mtoto anayo, baba naye atataka kujipima. Na akikutwa hana? Tumeshavunja ndoa, tumeshamwachisha mwanamke. Hilo nalo ni dhara. Kazi yetu ya kwanza ni kutodhuru."

Hoja hiyo ina uzito, wala msiidharau. Niliifikiria. Kisha nikamwambia, "Profesa, ndoa ikivunjika watu watasuluhisha, kuna wazee na kuna kadhi. Mtoto akifa watasuluhisha nini?"

Akasema ataiandikia kamati ya maadili ibadilishe masharti. Na aliandika kweli, siku ile ile. Kamati ikajibu kwamba imepokea. Kisha ikataka maelezo. Kisha ikasubiri kikao. Kwenye kikao mjumbe mmoja akauliza kwa nini maandishi hayakufuata mpangilio wa kurasa unaotakiwa, yakarudi. Wadogo zangu, mimi naamini katika kamati za maadili. Ninajua yaliyotendeka duniani mahali ambapo hazikuwepo. Lakini maadili yanayoweza kungoja pambizo za karatasi zinyooke, kwangu hayo ni makaratasi tu.

Mimi sikungoja. Kumshauri mzazi ampime mtoto mgonjwa hakuhitaji kibali, ni kazi ya nesi yeyote. Nilirudi kwa Hamza na Mwanahamisi nikawaambia nashuku selimundu, mpelekeni Dar akapimwe, nami nitawaandikia rufaa na nitawapokea nyumbani kwa mwanangu, kule Mapinga njia ya Dar, mlale. Mwanahamisi alikuwa tayari ameshafunga kanga. Hamza akanisikiliza mpaka mwisho, anafuta mafuta ya cheni mikononi.

"Shemeji, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini huyu mtoto kapimwa miaka miwili na maprofesa, kwa mashine ambazo huko Dar kwenyewe hazipo. Wangeona kitu wangesema."

"Shemeji, kupima si kusema."

Akanitazama akacheka kwa upole, kama ninamfanyia mzaha. "Mtu mzima akimwona nyoka karibu na mtoto, atanyamaza?"

Hiyo ndiyo iliyonikata maini. Yule baba hakuwa mjinga, wala hakuwa mbishi. Alituamini. Angekuwa bado anatuona mumiani angempeleka binti yake Dar kesho yake. Ni kule kutuamini kulikomfanya akae nyumbani, na imani hiyo tulikuwa tumeijenga mimi na Mama Theodora, hodi kwa hodi.

Katika siku hizo hizo tuliitwa kwenye semina ya maadili ya utafiti, katika hoteli moja ya ufukweni yenye baridi ya mashine kiasi cha kuhitaji sweta. Mwezeshaji alikuwa Dokta Nuru, mwanasheria wa mambo ya tiba kutoka chuo kikuu. Alionyesha nguzo za maadili: heshima, manufaa, haki. Mapumziko yakafika, nikamfuata kwenye meza ya sambusa nikamweleza yote bila kutaja jina. Alisahau sambusa yake mkononi.

"Bi Rehema, kosa lenu halikuanza mlipopata majibu," akasema. "Lilianza mlipoomba damu bila kumwuliza mama anataka nini kirudi. Hapo ndipo pa kuulizia. Baadaye mnahangaika."

"Nimekuelewa, daktari. Lakini huyu wa sasa?"

"Niletee namba ya lile ombi. Nitalisukuma."

Alilisukuma, Mungu ambariki. Kiharusi kilifika kabla ya kibali.

Sikudhani alikuwa anachota maji kwa kikopo kidogo asubuhi akaanguka. Mdomo ulipinda, upande wa kushoto ukalegea. Chembe zenye umbo la mundu zilikuwa zimeziba mshipa wa kichwani. Walimleta Bagamoyo kwa bodaboda, mama nyuma amemkumbatia, akapelekwa Dar na gari la wagonjwa, na huko jibu likatoka siku hiyo hiyo. Alinusurika. Mguu ulirudi baada ya mazoezi marefu. Mkono haukurudi.

Kibali cha kamati kilifika baadaye, kimepigwa mihuri vizuri. Mimi na Anselmi tukatumwa kurudisha majibu kwa familia zilizohusika. Watoto wengine tuliwawahi, wakaanzishiwa kliniki na dawa, na wapo wanaodunda mpira leo hii. Hilo nalo niliandike, ni haki yake. Kwa Hamza tulikwenda mwisho. Anselmi ndiye aliyezungumza, na sikumwonea wivu. Alisema damu ya Sikudhani ilionyesha ugonjwa tangu mwanzo kabisa, na kwamba taratibu hazikuturuhusu kusema. Akawaeleza pia kwamba watoto watakaofuata wapimwe mapema.

Hamza alikuwa ameshika tairi. Akaliegemeza ukutani. Kisha akageuka kwangu, si kwa Anselmi.

"Kwa hiyo nyoka mlimwona."

Hakuniita shemeji. Njiani kurudi Anselmi alilia ndani ya gari mpaka tukafika Makurunge, na sikumnyamazisha.

Baada ya hapo nilikuwa mtu mgumu pale kituoni, na baadhi yenu mmenikuta hivyo mkadhani ni uzee. Kila utafiti mpya ulipokuja nilikuwa nauliza jambo moja kabla ya mengine: nini kitarudi kwa mwenye damu, na nani atakipeleka. Wataalamu wageni walichoka na mimi. Mmoja aliniuliza kwa nini nina uchungu hivyo wakati sayansi imeokoa mamilioni. Nikamwambia najua imeokoa, nimeishikia taa. Ila yule asiyeokolewa naye ana mlango, nami ndiye ninayepiga hodi mlangoni pake. Sasa kwenye fomu zenu za ridhaa kuna swali linalomwuliza mzazi kama anataka kuambiwa kitakachoonekana. Mnaliona la kawaida, mnalisoma haraka haraka ili mmalize. Lisomeni polepole. Lina mkono wa mtoto ndani yake.

Na mwisho nieleze ile siku ya kuniaga, kwa kuwa wengi wenu mlikuwepo na hamkujua mlichokiona.

Mgeni rasmi alikuwa Profesa. Amestaafu zamani, mvi zimemkaa vizuri, alihutubia kwa maneno mazuri kunihusu na mimi nikashukuru. Mwanahamisi nilimwalika mwenyewe. Alikuja na wanawake wenzake wa Fukayosi wakaketi karibu na mlango. Wakati wa chakula mshereheshaji akatangaza kwamba wananchi wameleta zawadi, na Sikudhani akaja mbele. Yuko darasa la tano sasa, mrefu kama baba yake. Alibeba bakuli lile lile la maua ya buluu kwenye kiganja cha kulia, amelituliza kifuani lisianguke, mkono wa kushoto unaning'inia. Adabu ni kuanza na mgeni rasmi, akaanza naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Samahani, natoa kwa mkono mmoja."

"Hapana neno kabisa," akasema Profesa, akalipokea kwa yake miwili, akafunua kawa, akanusa mkate akafurahi. Sikudhani akapiga goti akarudi kwa mama yake. Profesa akaniinamia sikioni.

"Binti mwenye adabu sana. Mkono wake una nini?"

Hakumjua. Alikuwa na damu yake kwenye friza kwa miaka, na hakumjua. Nilikuwa nimeapa mwaka mzima kwamba siku hiyo sitagombana na mtu, na sikugombana.

"Ni kiharusi cha selimundu, Profesa," nikamwambia. "Yule ndiye FK mia moja na arobaini."

Muziki uliendelea, watu waliendelea kula. Yeye alibaki na bakuli mikononi, halishuki mezani wala haliendi mdomoni. Mwishowe akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sasa afanye nini.

"Kula mkate, umepikwa kwa ajili yako," nikasema. "Ila chombo ni cha mama yake, yule pale mlangoni. Safari hii mpelekee mwenyewe."